Leseni za Programu za Shule: Nani Mwenye Nyavu?

Shule inapotafuta programu ya kutunza kumbukumbu za wanafunzi, huuliza bei yake na kazi inazofanya. Maswali hayo ni halali, lakini hayatoshi. Swali la msingi ni la umiliki: nani ana haki ya kuusoma msimbo wa programu hiyo, kuurekebisha na kumgawia mwenzake? Hapa Mbamba Bay kila mtu anajua kwamba mvuvi wa usipa asiye na nyavu hugawana jasho lake na mwenye nyavu. Shule isiyo na haki juu ya programu yake imo katika hali hiyo hiyo.

Vijana wetu wameanza kuunda programu huria. Juhudi hiyo inastahili kuungwa mkono, na pia kukosolewa, kwa kuwa yanajitokeza makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kuuweka msimbo hadharani kunatosha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta. Kwa hiyo msimbo uliotolewa bila leseni haujawa mali ya umma. Anayeunakili hana ruhusa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba leseni zote huria ni sawa. Leseni za MIT na BSD humruhusu bepari kuchukua kazi ya wengi, kuongeza kidogo, kisha kuifunga na kuiuza. Leseni ya GPL, iliyoanza 1989, inamtaka anayeigawa programu aliyoibadilisha atoe na msimbo wake kwa masharti yale yale. Lakini ina mwanya: kampuni inayoiweka programu kwenye kompyuta zake na kuzitoza shule ada ya kuitumia kwa mtandao haikuigawa programu, hivyo haidaiwi msimbo. Leseni ya AGPL ya 2007 iliuziba mwanya huo.

Historia inathibitisha uzito wa jambo hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun Microsystems, iliyosimamia OpenOffice. Kwa kuwa leseni iliwaruhusu, waundaji wengi waliuchukua msimbo mwaka huo huo wakaanzisha LibreOffice, inayoendelea hadi leo. Mwenye kampuni alibadilika. Kazi ya umma haikupotea.

Wapo watakaopinga kwa kutaja DHIS2. Programu hiyo ina leseni ya BSD, na bado inatumika katika sekta ya afya ya nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, na imeingia katika elimu huko Uganda na Gambia. Hoja hiyo ni ya kweli na lazima ijibiwe. Kinachoilinda DHIS2 ni Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na vyuo na wizara za nchi mbalimbali, ambao wanaendelea kuijenga pamoja. Vijana watatu wa Mbinga wenye kompyuta moja hawana ngome ya namna hiyo. Mnyonge ndiye mwenye haja kubwa ya masharti makali. Kwa hiyo programu ya shule inayotumika kwa mtandao ipewe AGPL.

Hata hivyo, leseni peke yake haimkomboi mtu. Haki ya kusoma msimbo haina maana pale ambapo hakuna anayeweza kuusoma. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 iliitaka shule iwe mahali pa kazi na uzalishaji; leo kazi hiyo ijumuishe kuwafundisha wanafunzi kurekebisha programu inayotunza majina yao. Tena, kufungua msimbo si kufungua daftari. Alama, afya na makazi ya mtoto vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na leseni yoyote haiondoi wajibu huo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kada anayeshauri shule aanze na mambo matatu: asome leseni kabla ya bei, ahakikishe shule inaweza kuzitoa kumbukumbu zake zote na kuondoka nazo, na awatafute vijana wa kufundishwa kuitunza programu hiyo.