Sanduku la Fomu Wani Lingepata Alama Ngapi?

Msimu wa kufungua shule za bweni, Kamukunji huwa na kelele kuliko kawaida. Ni wakati wa masanduku. Si unayajua: ya bati, ya bluu au meusi, kishikio kila upande na mahali pa kutia kufuli. Mwanafunzi hulikalia, hulifichia mkate, huliandika jina kwa rangi nyeupe. Kisha anaingia darasani na kuambiwa asome ubunifu, ati ni kitu kinachopatikana kwenye kitabu.

Hebu tulitazame kama tunavyotazama mchoro ukutani.

Anza na ukingo. Fundi haachi bati na makali yake. Anaukunja ukingo juu ya kipande cha chuma, anaugonga taratibu hadi ulale. Mkunjo huo mmoja unaokoa vidole vyako na pia unalipa bati jembamba ugumu ambao halikuwa nao. Halafu kuna ile mistari iliyobonyezwa kwenye kifuniko. Utadhani ni pambo, na ni pambo kweli, ila pia inazuia kifuniko kubonyea mtu akikikalia. Na bweni zima litakikalia. Aliyelifikiria hilo anawajua wateja wake vizuri.

Siyasifu yote. Rangi ya mengine huchubuka kabla ya likizo ya Aprili, na kuna bawaba zingine, wacha tu. Lakini hata ubovu wake unasomeka: unaona mahali nyundo iliteleza, unaona mahali mtu alikuwa na haraka kwa sababu wateja walikuwa wamepanga foleni.

Shule zetu zimejaribu kufundisha mkono wa aina hii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, masomo ya vitendo ndiyo yalikuwa tambo lake kubwa, na wazazi wakachanga pesa za kujenga karakana. Lakini kwenye KCPE, sanaa na ufundi vikatahiniwa kwa kuchagua A, B, C au D. Yaani mtoto angeweza kujibu swali la kufuma kikapu na hajawahi kushika ukindu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mtihani huo ukaondolewa. Sekondari ilikuwa na afadhali kidogo, kwa sababu KCSE ilidai kazi ya mkono kwenye Sanaa na Ubunifu na pia kwenye useremala. Shida ni kwamba shule zilizokuwa na vifaa zilikuwa chache.

CBC nayo ikaja na miradi ya nyumbani. Unakumbuka zile sanamu za kufukuza ndege zilizojaa mtandaoni? Nyingi zilikuwa kazi safi sana. Ya baba. Ukitoa alama kwa kitu kilichokamilika peke yake, mzazi atakikamilisha, ama atakinunua.

Sasa wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia, Januari 2026, na mikondo mitatu. Uchoraji na uchongaji uko kwenye mkondo wa sanaa na michezo. Ufundi wa chuma na wa mbao uko STEM. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini rudi kwa lile sanduku uniambie: mstari wa kifuniko ni pambo ama ni uhandisi? Utaupeleka mkondo gani?

Jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lenye kiuno, linatoa jibu. Lilibuniwa hapa miaka ya mwanzo ya 1980 kutokana na wazo la jiko la Thailand. Mfinyanzi anatengeneza sehemu ya udongo, fundi wa bati anatengeneza gamba. Vipimo vyao visipooana, udongo unacheza ndani na unapasuka. Ilibidi watu wa udongo na watu wa bati waongee. Sisi tunataka kuwatenganisha wakiwa na miaka kumi na tano.

Ningeanza hivi: sanduku la zamani liletwe darasani wiki ya kwanza, wanafunzi wa mikondo yote wakunjue viungo vyake waone lilivyoshikana. Kisha kila mmoja atengeneze lake dogo, la mikebe ya mafuta ya kupikia, maana bati jipya ni ghali na shule nyingi hazina doo. La kwanza litapinda. Mwalimu alitunze hilo, atunze na la pili na la tatu, ayaweke yote mezani siku ya alama. Na msee wa Kamukunji awe mmoja wa wanaotoa alama. Alipwe pesa ya siku nzima, kwa sababu siku hiyo hatauza chochote.