Amri Moja Iliyomfuta Mtunzi

Mliokuwa Gongoni, hapa Tabora, Jumamosi jioni mliona wenyewe. Kijana aliyekuwa akituonyesha kusafisha tegi za MP3 alianza vizuri: ffprobe, kisha id3v2 -l, tegi zote zikamwagika ukutani. Halafu akaandika id3v2 -D *.mp3, akabonyeza Enter, na watu wakapiga makofi. Mimi nilishika kichwa.

Turudi nyuma kidogo. Mafaili ya kwenye flashi yake yalikuwa ya Tabora Jazz. Moja TPE1 yake, tegi ya msanii, inasema Shem Karenga, jingine Shem Kalenga, la tatu Tabora Jazz basi. Kijana akaona uchafu. Uchafu gani? L na R za jina la mzee yule zimepokezana miaka nenda rudi, na tahajia yenyewe ni fununu ya mkono uliolipitisha faili. Ukizitaka tahajia zote mbili, pitishia grep -E 'Ka[lr]enga', umemaliza. Lakini -D haina cha "una hakika?" wala haichagui. Imefagia ID3v1 kule mkiani, zile baiti 128 za mwisho, ikafagia na ID3v2 ya kichwani: TCOM ya mtunzi, maelezo ya aliyenakili, vyote. Kisha bwana mdogo akajaza upya kwa kutazama majina ya mafaili! Jina la faili linamjua mtunzi tangu lini?

Mstari mmoja kabla ya hapo ungemwokoa: exiftool -r -json muziki > tegi.json. Vijana huicheka exiftool kwa kuwa tegi za MP3 inazisoma tu, kuziandika haiwezi. Mimi naipendea hilohilo.

Na aina ya muziki akaweka namba 8, Jazz. Nimelisema hili mpaka nimechokwa. Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, hata Kiko Kids, wote hao ni dansi. Orodha ya ID3v1, zile aina 80 za mwanzo, ina Polka na dansi haimo. Walioitunga hawakutujua, sawa. Wewe mtoto wa Tabora je? TCON, tegi ya aina ya muziki kwenye ID3v2, inapokea neno lolote utakaloliandika.

Wazee waliokuwa wakiturekodia kanda hapa mjini waliandika kwa kalamu ya biki kwenye karatasi ya kava: bendi, mtunzi, upande A, upande B. Wakikosea walikata kwa mstari mmoja, na neno lililokatwa ukaendelea kulisoma.

Baada ya watu kutawanyika nilimuuliza kijana nakala ya asili iko wapi. Akanionyesha flashi ileile.