Kuficha bati Kyela ni kuyakaribisha maji ndani

Nyumba ile ya njia ya Ipinda mmeiona ikipanda tangu msingi, na mnajua ilipofika. Ilikuwa inaelekea kuwa nyumba bora ya kuishi katika ukanda wetu mpaka lenta ilipokauka. Siku ya kupaua ilipofika, mwenye nyumba akabadili mawazo: kenchi za mgongo mrefu zikaachwa, tofali zikaendelea kupanda kozi kadhaa juu ya lenta, na bati likalazwa nyuma ya ukuta lisionekane. Uamuzi huo ni kosa, na sioni namna ya kuutetea.

Kazi ya chini ilikuwa safi. Msingi umeinuliwa juu ya maji ya masika, tofali zimeiva, vyumba vinapitisha hewa. Mafundi wa hatua hiyo wanastahili pongezi.

Sasa twende juu, maana huko ndiko nyumba ya Kyela inakopona au kufa. Wilaya yetu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mawingu yanatoka Ziwa Nyasa, yanagonga safu ya Livingstone upande mmoja na mteremko wa Rungwe upande mwingine, yanatumwagia sisi tulio bondeni. Dodoma, ambako mtindo huu wa kuficha bati unapendwa sana, mwaka mzima hauvuki sana milimita 600. Chukua paa la mita za mraba 200. Mvua moja ya milimita 40, ambayo Aprili hapa hakuna anayeisimulia, inaangusha juu yake lita 8,000. Hizo ni tani nane za maji zinazotafuta njia ya kutoka.

Paa la kawaida linayatawanya maji hayo kuzunguka nyumba nzima, yanadondoka nje ya ukuta, basi. Paa lililofichwa linayakusanya kwenye gata moja au mbili zilizo ndani ya ukuta, kisha linayaomba yapite kwenye bomba la inchi nne. Bomba likiwa safi, yatapita, sibishi. Lakini nani ameona gata safi Kyela? Miembe inapukutisha, majani ya migomba yanachanika kwa upepo, mikakao inamwaga majani mwaka mzima, na ndege wanapenda sana kona iliyojificha. Konzi moja ya majani kwenye mdomo wa bomba inatosha. Maji yanajaa gatani, yanapanda chini ya bati, yanavuka flashingi, na kwa kuwa nje kuna ukuta uliopandishwa kwa makusudi, njia iliyobaki ni ndani: kwenye dari la jipsamu, kwenye waya za umeme, kwenye skimu mpya uliyoilipia.

Mafundi wengi wanapita haraka hapa, ndiyo maana nakaza. Kila paa litavuja siku moja. Paa lenye upana unaotokeza nje ya ukuta likikosea, linakosea nje, na utaliona likidondosha pembeni ya baraza ukalitengeneza. Paa la kuficha likikosea, linakosea kitandani kwako, na linaanza kukosea muda mrefu kabla hujajua, kwa sababu bati lenyewe huwezi kuliona ukiwa chini. Slopu pia ni ndogo, kwa hiyo maji hayakimbii. Yanakaa kwenye maungio na vichwa vya misumari, na kutu inaanzia hapo.

Kisha kuna kuta. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na sisi tuko kwenye ncha yake ya kaskazini. Upepo wa kusini ukiinuka unatufikia bila kizuizi, umebeba mvua ya kulala. Ukuta usio na ukingo wa paa unalowa kuanzia juu mpaka chini. Rangi nyeupe ya nyumba ile itakuwa na michirizi ya kijani kabla ya mkopo wa rangi kuisha. Na jua nalo halitusamehe: linapita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Oktoba, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo mtu hulala mlango wazi. Upana wa sentimita 90 kuzunguka nyumba ungepunguza jua linalopiga kuta na madirisha. Ulikuwapo kwenye ramani ya kwanza. Ukafutwa.

Najua uamuzi huo ulitoka wapi. Mtu anayejenga kwao baada ya miaka ya kazi Mbeya au Dar es Salaam hajengi vyumba tu, anajenga sura ya maisha aliyoyatamani. Sura hiyo anaipata kwenye simu: boksi jeupe, mkanda mweusi juu, kioo kikubwa, gari mbele. Picha hiyo imepigwa kiangazi. Ramani hizi zinauzwa tayari, zimechorwa bila kiwanja, bila mto, bila masika, na nimekuwa nikilisema hili kwa miaka. Anayemuuzia mtu wa Kyela ramani ile ile aliyomuuzia mtu wa Singida amemuuzia karatasi. Nimeshasema pia juu ya madirisha ya aluminiam ya kusukuma, ambayo yanafunguka nusu tu mahali panapohitaji dirisha lifunguke lote. Nyumba ile inayo, ukuta hadi ukuta.

Wazee wetu hawakuwa na bati, lakini swali la maji walilijibu vizuri kuliko sisi. Joseph Thomson, msafiri wa Uingereza aliyefika kaskazini mwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu mno nyumba za Wanyakyusa alizozikuta ndani ya migomba. Angalia zilivyojengwa. Ukuta ulikuwa wa mianzi, na haukusimama wima: uliinama kuelekea nje, juu ukiwa mpana kuliko chini. Katikati ya mianzi zilipangwa tofali ndogo za udongo, za mviringo, moja moja kwa mkono. Juu yake nyasi zenye slopu kali. Fikiria tone la mvua linalotoka kwenye nyasi hizo: kitako cha ukuta kimerudi ndani, kwa hiyo tone linaangukia mbali na udongo. Ukuta wa matope ukadumu katika nchi ya mvua bila saruji hata kiganja kimoja, kwa sababu umbo lenyewe lilikuwa mwavuli.

Na nyumba zile zilikuwa sura ya maisha waliyoyataka. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930 na kutoa kitabu mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa miaka 10 hivi walivyotoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao na wenzao wa rika, huku wakienda kula kwa mama zao kwa makundi. Maisha mazuri kwao yalikuwa kukaa na wenzako, kuongea, kula pamoja. Nyumba ya maisha ya namna hiyo inahitaji mahali pa nje pakavu. Ukikata ukingo wa paa unakata baraza, na ukikata baraza, jirani aliyekuja mvua ikinyesha atasimama wapi? Atapita moja kwa moja sebuleni au atarudi kwake. Nyumba ya njia ya Ipinda ina sebule ya kuvutia na haina hata sehemu ya kuweka benchi.

Msiniambie kwamba kuingiza maji ndani ya jengo ndiyo usasa. Mbunifu majengo Beda Amuli alilifanya katika Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, miaka ya 1970: paa la soko lile lilibuniwa kama miavuli ya zege ya kupokea mvua na kuishusha hadi kwenye matangi yaliyo chini ya jengo. Lakini Amuli alianza na swali la maji yanakwenda wapi, na paa lote likawa jibu la swali hilo, mbele ya macho ya kila mpita njia. Hakuficha kitu. Huku kwetu ukuta umepandishwa kwanza, maji yakafikiriwa baadaye.

Kwa mwenye nyumba ile, bado kuna la kufanya kabla ya masika. Toboa matundu ya dharura kwenye ukuta unaoficha bati, kila upande, chini ya usawa wa ukingo wa gata, ili bomba likiziba maji yamwagike nje. Weka ngazi ya kudumu ya kupandia na mtu wa kusafisha gata kila mwezi. Na wewe uliye na ramani ya namna hii mkononi na kiwanja Kyela, Ipinda au Matema, mrudie mchoraji wako kabla ya kumwaga lenta. Kurudisha upana wa paa kwenye karatasi ni kazi ya jioni moja. Kuurudisha juu ya ukuta uliokwishapanda ni kubomoa.