Mizani ya Jasho na Ujira: Lugha na Msimamo katika Santuri ya Sam Hui ya 1976

Mwanamuziki Sam Hui wa Hong Kong aghalabu husifiwa kwa kuiingiza lugha ya mitaani katika wimbo wa Kikantoni. Sifa hiyo anaistahili, lakini mhakiki anayeishia hapo huwa ameieleza fani na kuyaacha maudhui. Makala haya yanaichunguza santuri yake Bun Gan Baat Leung (1976), yenye nyimbo za filamu ya jina hilohilo iliyoongozwa na kaka yake, Michael Hui. Hoja yetu ni kwamba santuri hii ina sajili mbili za lugha, na kila sajili ina msimamo wake kuhusu dhiki ya mnyonge. Moja yadai haki. Nyingine yausia subira.

Yafaa tuanze na historia. Katika miaka ya 1960, vijana wengi wa Hong Kong, wakati huo koloni la Uingereza, walivutiwa na nyimbo za Kiingereza, ilhali za Kimandarini nazo zilitamba. Hui mwenyewe aliimba kwa Kiingereza akiwa na bendi ya The Lotus. Mnamo 1974, Kichina kilipewa hadhi ya lugha rasmi kando ya Kiingereza, na mwaka huohuo wimbo wa Hui wa Kikantoni katika filamu Games Gamblers Play ukavuma. Hata hivyo, kuimba kwa Kikantoni si lazima kuwe kuimba jinsi watu wasemavyo. Mtunzi aweza kuandika kwa Kichina cha maandishi, kikatamkwa Kikantoni tu, au aweza kuandika kama wazungumzavyo watu sokoni na ofisini. Hui anazitumia njia zote mbili.

Wimbo uliobeba jina la santuri umetungwa kwa lugha ya mazungumzo. Kwa vipimo vya jadi, gan moja ni leung 16. Hivyo nusu gan na leung nane ni uzito mmoja. Msemo huu hutumiwa kuwaelezea watu wawili wasiopitana kwa lolote. Hui anaupindua. Kinywani mwa wafanyakazi wake, unakuwa dai: aliyetoa jasho la nusu gan alipwe leung nane kamili. Msemo wa kulinganisha watu umegeuzwa mizani ya kupimia ujira, na mizani hiyo, wanalalamika, haipatikani. Msemaji ni 'sisi', kundi la waajiriwa wanaozunguka mji kutwa na bado mshahara hauwafikishi mwisho wa mwezi. Mkubwa wao anatajwa kwa neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, lilelile lililotupatia sisi 'bosi'. Katika koloni, utohozi huo una uzito: cheo kimekuja pamoja na lugha yake.

Kejeli hiyo yajitokeza pia katika wimbo wa wacheza mahjong, ambao jina lake linaiga kwa mzaha lile la riwaya maarufu ya Jin Yong kuhusu mashujaa wa upanga. Ushujaa umeteremshwa hadi kwenye meza ya kamari.

Katika wimbo wa mzururaji anayefichua yaliyo moyoni, sajili inabadilika. Lugha ni ya maandishi, na taswira ni za kale: chura wa kisimani, jumba la dhahabu linalogeuka kifusi, binadamu kama mchanga wa bahari. Kiini chake ni methali ya jadi inayofunza kwamba riziki huja kwa majaliwa, na isiyoandikwa haifai kulazimishwa. 'Sisi' ametoweka, aliyepo ni mwenye hekima anayemuusia msikilizaji mmoja.

Yawezekana kupinga kwamba wimbo huu nao unawashambulia wenye nguvu, kwa kuwa unatabiri anguko la tajiri. Ni kweli, lakini anguko hilo ni kazi ya majaliwa, wala si tunda la dai la yeyote. Aliyenyimwa leung zake nane anaambiwa, kwa lugha tukufu, kwamba pengine hazikuwa zake.

Wala lugha ya mitaani isidhaniwe kuwa rahisi kutunga. Kikantoni ni lugha ya toni, kwa kawaida huhesabiwa sita, na lahani ikienda kinyume na toni, neno huweza kusikika kuwa jingine. Mtunzi hubanwa nazo kama mshairi wetu abanwavyo na vina na mizani. Kuipata kauli ya ofisini ndani ya kibano hicho ni ufundi usiopungua ule wa lugha ya kale.

Kwa maoni yetu, nguvu ya santuri hii imo katika wimbo wa mizani, kwa sababu unaacha deni likiwa halijalipwa. Wimbo wa mzururaji ni mzuri kwa taswira, lakini unalifuta deni hilo kabla mdai hajasikilizwa. Mhakiki wa wimbo pendwa hana budi kuuliza ni nani anayesema katika kila sajili, na kwa faida ya nani.