Nukuu, Rejeo na Athari: Uhakiki wa Istilahi za Wasifu wa Mwanafalaki

Msomaji akikuta katika wasifu wa mwanafalaki sentensi isemayo kwamba nukuu zake zimeathiri wenzake wengi, ana haki ya kuuliza kama wenzake hao wamekwisha kupona. Sentensi za namna hii zimeanza kuzoeleka katika tafsiri zetu. Yafaa zikaguliwe mapema, kwa kuwa walimu na maofisa huzitumia kupima watu na kuwapandisha vyeo.

Tuanze na nukuu. Kunukuu ni kuyachukua maneno ya mtu kama yalivyo na kuyaweka katika maandishi mengine. Mtaalamu wa nyota hafanyi hivyo ila kwa nadra. Akitumia kipimo kilichopatikana na mwenziwe, hutaja jina na mwaka, basi. Hata neno moja halikuchukuliwa. Kitendo hicho kina jina lake katika Kiswahili, nalo ni kurejelea, na mnyambuliko watupa pande zake zote mbili pasipo kuazima kitu. Mwandishi anarejelea, kazi iliyotajwa inarejelewa. Orodha iliyo mwishoni mwa makala ni marejeo. Hesabu ya mara ambazo kazi ya mtu imetajwa na wengine twaweza kuiita urejelewaji. Mfasiri anayeziita zote mbili nukuu amechanganya deni na mali.

Neno athari lina taabu nyingine. Kwa asili yake ya Kiarabu ni alama iachwayo na kitu, na kwa maana hiyo halina kosa. Lakini vinywani mwa watu leo athari ni za ukame, za mafuriko na za pombe, na waathirika ni watu wa kuhurumiwa. Hata hivyo kasoro ya sauti si kubwa kama kasoro ya maana. Tukiiita hesabu ya urejelewaji athari, tumekwisha kuamua kwamba kilichohesabiwa ndicho kilichotendeka.

Mfano ulio wazi ni wa Jocelyn Bell. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Cambridge, Uingereza, alikuwa akikagua karatasi ndefu za michoro zilizotoka katika darubini ya redio ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuijenga. Akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine, wala hakuipuuza. Ilikuwa mipigo ya redio iliyorudi kila baada ya sekunde 1.337 hivi, kutoka katika nyota ya aina ambayo leo huitwa pulsa. Makala ya ugunduzi huo yalitoka katika jarida la Nature mnamo Februari 1968 yakiwa na majina matano: la msimamizi wake, Antony Hewish, lilitangulia, la Bell likafuata. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa Hewish na Martin Ryle. Mwanafalaki Fred Hoyle alilalamika hadharani. Bell mwenyewe, mwaka 1977, alisema kwamba haifai tuzo hiyo kupewa wanafunzi isipokuwa kwa sababu za pekee sana. Tusimwamulie. Linalotuhusu hapa ni kwamba kila rejeo la makala yale linahesabiwa sawasawa kwa waandishi wote watano. Hesabu haijui nani aliiona alama kwenye karatasi.

Kwa hiyo napendekeza tuseme kiwango cha urejelewaji, maneno yasiyodai zaidi ya kuhesabu, na anayetaka kusifu mchango wa mtu aueleze kwa sentensi kamili.

Ushirikiano nao unahitaji uangalifu. Makala ya mwaka 2017 kuhusu kugongana kwa nyota mbili za nyutroni yalikuwa na waandishi zaidi ya 3,000. Ni dhahiri kwamba wengi wao hawakuketi pamoja kuandika. Walio katika orodha ni waandishi wenza. Waliofanya kazi bega kwa bega ni washirika. Mtu anaweza kuwa mmoja bila ya kuwa wa pili.

Limebaki lile pendekezo la mwanafizikia Jorge Hirsch la mwaka 2005, ambalo wafasiri wengine huliita faharasa. Faharasa ni ya kitabu. Kipimo hiki ni fahirisi, kama vile fahirisi ya bei, na chaweza kuelezwa hivi: mtaalamu ana fahirisi ya 20 iwapo makala yake 20 yamerejelewa mara 20 au zaidi kila moja, na hayafiki 21 yaliyorejelewa mara 21. Maelezo hayo yaandikwe kila fahirisi hiyo inapotajwa mara ya kwanza, hasa katika karatasi ziendazo mbele ya kamati za ajira, ambako wajumbe wengi si wanafalaki.