Mkasi Nao Husimulia: Mkwawa katika Video Fupi

Wapo wanaodhani kuwa mwanagenzi wa kuhariri video ya historia ana kazi ya ufundi tu: kukata, kuunga, kutia muziki, basi. Sisi wa fasihi hatuwezi kukubali. Mkato ni sehemu ya msuko, na msuko hubeba msimamo wa msanii.

Hebu tuchukue kisa cha Mkwawa, ambacho mwanagenzi wa Iringa hukosi kukifikiria kwanza. Ana dakika 5. Anaanza na Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokishinda kikosi cha Zelewski na kumwua. Papo hapo anaruka hadi 1954, Gavana Twining akimkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la babu yake pale Kalenga. Muziki unapanda, darasa linapiga makofi.

Sasa je, katikati kumepotea nini? Imepotea ngome ya Kalenga iliyoanguka 1894, vita vya kuviziana vilivyofuata, na Mkwawa kujipiga risasi Julai 1898. Zaidi ya hayo, amepotea Merere wa Usangu. Wahehe waliwahi kuwafukuza Wasangu kwao, wakahamia Usafwa, jirani na Mbeya ya leo. Wajerumani walipokuja, Merere aliungana nao, akarudi Usangu. Mtoto wa Kisangu akiitazama video hiyo, atawaona wapi babu zake? Na wakitajwa kama wasaliti tu, bila kisa cha kufukuzwa, Merere atakuwa mhusika bapa.

Lipo pia suala la picha. Lugalo haikupigwa filamu. Mwanagenzi aliyekosa picha hushawishika kubandika askari wa vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, huku msimulizi akitaja 1891. Jamani, huo si ubunifu, ni uongo. Afadhali aonyeshe mnara wa kumbukumbu ulioko Lugalo, na aseme wazi kuwa ni picha ya leo.

Watatujibu kwamba dakika 5 hazitoshi. Kwa maoni yetu zinatosha. Merere anahitaji sentensi mbili tu, muziki upunguzwe. Mkwawa hatakuwa mdogo kwa sababu jirani yake ametajwa. Video ya shule itatazamwa Iringa na Mbeya pia, basi ihaririwe kwa kuyafikiria madarasa yote mawili.