Methoksiflureni: Namba 50 Iliyohukumu Dawa za Usingizi

Mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi, mkojo hupungua. Dawa hulegeza mishipa, presha hushuka, na figo, zilizozoea kupokea takribani sehemu ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, hupata pungufu. Kisu nacho huamsha homoni zinazozuia maji yasitoke mwilini. Presha isipoachwa chini kwa muda mrefu, hali hiyo kwa kawaida hupita.

Ndiyo maana taarifa ya Crandell na wenzake huko Marekani, mwaka 1966, ilishtua. Baadhi ya wagonjwa waliolazwa usingizi kwa methoksiflureni, dawa ya usingizi inayovutwa kama mvuke, walikuwa wanakojoa mno. Mwili unakauka, sodiamu katika damu inapanda, na bado mkojo unatoka mwingi na mwepesi. Walipopewa vasopresini, homoni inayoiamuru figo ibakize maji, hakuna kilichobadilika. Amri ilifika, mirija ya figo ndiyo iliyoshindwa kuitekeleza.

Richard Mazze na Michael Cousins, wakiwa California, walilifuatilia jambo hili kwa mpangilio ninaouheshimu sana. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine methoksiflureni, wengine halotheni, dawa nyingine ya usingizi, ili lawama isiangukie upasuaji wenyewe. Methoksiflureni huyeyuka kwa wingi katika mafuta, hivyo hubaki mwilini siku kadhaa huku ini likiivunja na kutoa floraidi. Panya waliodungwa floraidi peke yake nao walikojoa kupita kiasi. Waliopewa fenobabito, inayochochea vimeng'enya vya ini, kabla ya methoksiflureni waliumia zaidi. Kisha, mwaka 1973, Cousins na Mazze walihesabu dozi kwa binadamu, wakizidisha nguvu ya mvuke kwa saa za kuuvuta. Dozi ndogo haikudhuru; dalili za kwanza za maabara zilijitokeza floraidi ya damu ilipovuka mikromoli 50 hivi kwa lita.

Hadi hapo kazi ni safi. Tatizo lilianza pale namba 50 ilipong'olewa kutoka kwa dawa iliyoizaa na kufanywa mpaka wa dawa zote zenye florini. Sevoflureni, dawa nyingine ya usingizi yenye florini iliyoruhusiwa Japani mwaka 1990, iliuvuka mpaka huo kwa wagonjwa wengi. Figo zao hazikuharibika. Je, kipimo cha damu kilikuwa cha uongo? Hapana. Kilipima kweli, ila mahali pasipo na madhara.

Jibu lilitoka kwa Evan Kharasch na wenzake mwaka 1995. Walichukua tishu za figo za binadamu, wakaonyesha kwamba figo yenyewe ina vimeng'enya vya kuivunja methoksiflureni, tena kwa kiasi kikubwa kuliko inavyoivunja sevoflureni. Sumu ilikuwa inatengenezwa ndani ya kiungo kile kile kinachoumia. Floraidi ya kwenye damu, inayotoka zaidi kwenye ini, ilipanda sambamba na madhara bila kuwa kipimo chake halisi. Utafiti wa baadaye kwa panya uliongeza kwamba huenda floraidi haifanyi kazi hiyo peke yake. Njia nyingine ya kuivunja methoksiflureni hutoa asidi inayoshirikiana nayo.

Kwa mtazamo wangu, hilo ndilo kosa la kuangaliwa kila kiashiria kinapopandishwa cheo kuwa chanzo. Miaka ishirini na zaidi dawa zilihukumiwa kwa namba moja, wakati hatari ya kila siku kwenye meza ya upasuaji ilikuwa wazi: presha iliyoachwa chini, damu iliyopotea bila kurudishwa, mgonjwa aliyefika amekauka kwa kutapika, au dawa ya maumivu kama diklofenaki kwa figo zilizokwisha kuchoka. Mtaalamu wa usingizi anayelinda presha anazilinda figo kuliko yule anayebishana juu ya aina ya mvuke.

Methoksiflureni yenyewe haitumiki tena kuwalaza wagonjwa usingizi, na mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba iliondolewa sokoni kwa sababu za usalama. Australia imeibakiza kwa kazi nyingine. Wahudumu wa ambulensi humpa majeruhi kifaa kidogo cha kuvuta mvuke wake ili kutuliza maumivu, akiwa macho: mililita 3, zisizidi 6 kwa siku wala 15 kwa wiki. Dozi hiyo iko chini sana ya ile ambayo Cousins na Mazze waliona inaanza kudhuru.